Wanaomngoja Superman: Nguvu ya Hadhira na Majina ya Watunzi



Filamu mpya ya shujaa wa katuni ikishatangazwa, watu hawasubiri ifike kwenye kumbi ndipo waizungumze. Waliomsoma shujaa huyo tangu utotoni huanza kuulizana siku hiyohiyo: nani atakuwa stelingi? Vazi litabaki lilelile? Adui atakuwa yupi? Trela ya dakika mbili itasimamishwa picha baada ya picha, na mabishano yatafika vijiweni. Wapo wanaoyaona hayo kuwa mambo ya watu waliokataa kukua. Mimi nayachukulia kwa uzito mkubwa. Jioni hii natetea hoja moja: miezi ya kungoja filamu ndiyo miezi ambayo hadhira ina nguvu zaidi mbele ya wenye mali, na nguvu hiyo ikitumiwa vizuri yaweza kumrudishia mtunzi kile ambacho mahakama imemnyima. Ushahidi wangu mkuu ni Superman.

Superman alitungwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Jerry Siegel aliandika, Joe Shuster akachora. Wote wawili walizaliwa mwaka 1914 katika familia za Wayahudi wahamiaji, na walikutana wakiwa wanafunzi wa sekondari. Kwa miaka kadhaa walimtembeza shujaa wao kwa wachapishaji na kukataliwa. Mwaka 1938 hatimaye akapata nafasi katika toleo la kwanza la jarida la *Action Comics*, lililouzwa senti 10. Kurasa za hadithi yao zilikuwa 13, na kila ukurasa ulilipwa dola 10. Kwa dola hizo 130 vijana wale walimwachia mchapishaji haki zote za Superman, moja kwa moja.

Hundi yenyewe bado ipo. Ni ya dola 412, kwa sababu ilijumuisha malipo ya kazi nyingine walizokuwa wakimfanyia mchapishaji huyo, na Superman ameandikwa humo kama mojawapo ya kazi hizo. Majina ya wote wawili yamekosewa herufi, hata ikabidi nyuma yake wasaini mara mbili: kwanza jinsi lilivyoandikwa jina, kisha jinsi lilivyo. Mwaka 2012 hundi hiyo iliuzwa mnadani kwa dola 160,000. Naomba wanafunzi wa sheria waliomo ukumbini waitafakari karatasi hiyo, kwa maana ni nadra kuona dhuluma ikiwa imeandikwa wazi namna hiyo bila kuvunja kifungu hata kimoja cha sheria ya wakati wake.

Walipokwenda mahakamani mwaka 1947 kudai haki zao, kesi ilimalizika kwa wao kulipwa fedha kiasi na kuondoka. Majina yao yakafutwa kwenye hadithi za Superman. Walijaribu tena mwishoni mwa miaka ya 1960, wakashindwa tena. Kufikia mwaka 1975 Shuster alikuwa anakaribia kuwa kipofu, akiishi na ndugu yake katika mtaa wa Queens, New York. Siegel alikuwa karani wa kupiga chapa huko Los Angeles, akilipwa takriban dola 7,000 kwa mwaka. Na wakati huohuo Superman alikuwa akitafutiwa filamu kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa juu ya shujaa wa katuni.

Watayarishaji, Alexander Salkind na mwanawe Ilya, walikuwa wameshanunua haki za filamu. Walimwajiri Mario Puzo, mwandishi wa *The Godfather*, kuandika hadithi. Kwenye tamasha la Cannes walirusha ndege zikikokota mabango ya filamu ambayo hata mwigizaji wake hajapatikana. Baadaye walimlipa Marlon Brando dola milioni 3.7 kwa kazi ya takriban wiki mbili. Fedha hizi zote zilitumika kwa tegemeo moja tu: kwamba kuna mamilioni ya watu duniani waliokua na Superman, na kwamba watu hao wanangoja.

Siegel akalielewa jambo hilo kuliko wanasheria wake. Mnamo Oktoba 1975 aliketi kwenye mashine yake ya chapa akaandika tamko la kurasa kadhaa, akalituma kwa vyombo vya habari vipatavyo 1,000. Ndani yake aliilaani filamu hiyo, laana kwa maana yake kamili. Aliomba ishindwe. Aliwasihi wote wampendao Superman wasikanyage ukumbini. Alieleza maisha yake na ya mwenzake yalivyo, na akasema kinagaubaga nani anayetajirika kwa jasho lao.

Kwa majuma ya kwanza tamko lile halikupata mwitikio. Kisha likamfikia Neal Adams, mchoraji kijana aliyekuwa na jina kubwa katika fani, na baada yake Jerry Robinson, mchoraji mkongwe aliyekuwa na uzito katika chama cha wachoraji wa katuni. Wakawachukua wazee wale wawili na kuwatembeza: magazetini, redioni, kwenye vipindi vya televisheni. Popote walipoketi swali lilikuwa lilelile: inakuwaje waliomwumba mtu anayeokoa wanyonge wamezeeka wakiwa wanyonge? Watangazaji waliokuwa wakiwahoji walikuwa wenyewe wamemsoma Superman utotoni. Wachoraji, waandishi na wasomaji wakasimama nyuma yao.

Kampuni ya Warner, iliyokuwa ikimiliki mchapishaji, ilikuwa imeshinda mahakamani. Kisheria haikudaiwa chochote, na ilisema hivyo. Lakini mmoja wa viongozi wake alikiri hadharani kwamba anaona kuna wajibu wa kiutu. Desemba 1975 makubaliano yakafikiwa: kila mmoja atalipwa dola 20,000 kwa mwaka maisha yake yote, atapata bima ya matibabu, na majina ya wote wawili yatarudishwa katika kila hadithi ya Superman. Robinson aliyapigania sana hayo majina, kwa kuwa alijua kwamba pensheni hufa na mtu.

Wengine husema Warner ilitoa makombo. Ni kweli. Malipo ya Brando peke yake yangetosha kumlipa mmoja wao pensheni ile kwa miaka 185. Hata hivyo tuangalie kilichobadilika kati ya mwaka ambao mahakama iliwakatalia na mwezi ule wa Desemba. Mkataba haukubadilika, wala sheria. Kilichoongezeka ni filamu iliyokuwa njiani, na umati uliokuwa ukiisubiri. Baada ya filamu kutoka na fedha kuingia, mlango ule ungefungwa. Mtu aliyekwisha kukata tiketi hana tena cha kushikilia.

Filamu yenyewe, iliyoongozwa na Richard Donner, ilitoka Desemba 1978. Bango lake liliahidi kwamba mtazamaji ataamini mtu anaweza kuruka, na sina budi kusema neno juu ya ahadi hiyo, maana wapenzi wa katuni walikuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi. Kwa miaka mingi mtu anayeruka kwenye sinema alikuwa mtu aliyening'inizwa kwa waya mbele ya mawingu yasiyo na uhai. Mtaalamu Zoran Perisic alifunga lenzi za kuvuta picha kwenye kamera na kwenye projekta, zikaendeshwa kwa pamoja. Projekta inarusha picha ya anga nyuma ya mwigizaji. Lenzi zote mbili zikivuta kwa wakati mmoja, anga hubaki vilevile machoni pa mtazamaji, lakini Christopher Reeve aliyetundikwa katikati huonekana akija kwa kasi au akitoweka kwa mbali. Reeve alikuwa kijana mrefu mwembamba, hajulikani, aliyekataa kuvalishwa misuli ya bandia na badala yake akafanya mazoezi mpaka akajaza vazi lile mwenyewe. Majina ya Siegel na Shuster yalipita kwenye utangulizi yakiruka angani pamoja na ya mastaa.

Sasa tulinganishe na Batman. Mwaka 1988 ilipotangazwa kwamba mhusika huyo ataigizwa na Michael Keaton, mwigizaji wa vichekesho, Warner ilipelekewa barua za kupinga zinazotajwa kufikia 50,000. Kelele zilifika mpaka kwenye magazeti ya biashara. Ili kutuliza hofu, trela ya haraka ikaandaliwa, na watu wakawa wanalipa kiingilio kamili kuiona hiyo trela tu, kisha wanaondoka kabla filamu ya siku hiyo haijaanza. Walioandika barua zile walikuwa na hoja. Walikumbuka mfululizo wa televisheni wa mwaka 1966 uliomfanya Batman kichekesho, na hawakutaka shujaa wao achezewe tena. Filamu ya Tim Burton ilipotoka Juni 1989, wengi wao walikubali kwamba Keaton aliimudu.

Lakini mimi huziwaza barua hizo na kusikitika. Bill Finger ndiye aliyependekeza kofia yenye masikio, joho, rangi za giza na jina la Bruce Wayne. Alifariki mwaka 1974 akiwa hohehahe, na mkataba ulimtambua mchoraji Bob Kane peke yake kuwa mtunzi wa Batman. Katika kishindo chote cha 1988, nguvu ile ya hadhira ilielekezwa kwenye kidevu cha Keaton, na Finger akasahaulika. Ilibidi ipite zaidi ya robo karne, mwandishi Marc Tyler Nobleman amtafute mjukuu wa Finger na familia idai haki yake, ndipo mwaka 2015 jina lake likakubaliwa kuwekwa.

Sitaki kueleweka kwamba kujali vazi ni upuuzi. Mei 2024 picha ya kwanza ya David Corenswet akiwa Superman katika filamu iliyokuwa ikitayarishwa ilipotolewa, mashabiki waligombana juu ya kaptura nyekundu inayovaliwa juu ya nguo ya buluu. Mwongozaji James Gunn alieleza kwamba ni Corenswet aliyemshawishi iwepo: kiumbe mwenye nguvu za kutisha aliyetoka nje ya dunia angependa watoto wasimwogope. Hiyo ni fasiri kamili ya mhusika, na imetokana na swali la kaptura. Shabiki anayebishana juu ya rangi anabishana juu ya maana. Ninachomwomba ni aongeze swali moja. Januari 2025, watu wakiwa wameshaiona trela ya filamu hiyo, msimamizi wa mirathi ya Shuster alifungua kesi New York akidai kwamba haki za Superman katika nchi kama Kanada na Uingereza zimerudi kwa familia. Mahakama ya shirikisho iliitupilia mbali Aprili kwa kuona haina mamlaka, na filamu ikatoka Julai. Mashabiki waliojua kila mshono wa vazi, ni wangapi walioifuatilia kesi hiyo?

Swali hilo linatuhusu na sisi. Februari 2018 *Black Panther* ilioneshwa kwa mara ya kwanza Kenya mjini Kisumu, nyumbani kwa akina Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake, na shangwe ya siku ile ilikuwa ya haki kabisa. T'Challa, shujaa wa filamu hiyo, alibuniwa mwaka 1966 na Stan Lee na Jack Kirby. Familia ya Kirby iliburuzana na kampuni ya Marvel mahakamani kwa miaka, hadi walipopatana mwaka 2014, siku chache kabla Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua kama itaipokea kesi. Na mashujaa wetu wenyewe wa katuni tunao. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi katika *Taifa Leo*. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika *Uhuru*, na Philip Ndunguru akawachekesha wasomaji wa jarida la *Sani*. Vizazi vimekua na wahusika hawa. Siku mtayarishaji atakapotangaza filamu ya mmojawapo, na naamini siku hiyo itafika, nitaifurahia kama yeyote kati yenu, na nitataka kujua Chakubanga anaigizwa na nani. Nitataka pia kuuona mkataba, na kujua familia ya mchoraji imeandikwa ukurasa gani. Tuyaulize hayo tiketi zikiwa bado mifukoni mwetu.