Tuwaambie Wageni wa Kongamano Ukweli: Safari, Malazi na Ukumbi

Ifuatayo ni hotuba ya afisa wa utalii wa kaunti kwa manahodha, wenye nyumba za wageni, mahamali na vijana wa kujitolea, katika maandalizi ya kongamano la wasomi wa Kiswahili litakalofanyika katika Ngome ya Lamu.

  

Nimewaita kwa jambo moja. Kabla wageni hawajafunga safari, tutawatumia karatasi ya maelezo: watafikaje Lamu, watalala wapi na ukumbi uko vipi. Karatasi itatoka kwetu, lakini nyinyi ndio mtakaoifanya iwe ya kweli au ya uongo. Tukiandika nauli moja na nahodha akatoza nyingine, mgeni hatasema nahodha fulani alinidanganya. Atasema Lamu ilinidanganya.

Wageni hawa ni walimu wa vyuo vikuu na wanafunzi wao. Baadhi wanalipiwa na vyuo, na hawarudishiwi hata shilingi bila risiti. Wengine, hasa wanafunzi, wanajilipia wenyewe na wamehesabu senti hadi ya mwisho. Kwa hiyo bei isiyotarajiwa, kwa mtu kama huyo, ni chakula cha siku mbili.

Nianze na safari. Anayekuja kwa ndege atashuka Manda. Sisi tunajua kwamba Manda ni kisiwa kingine, yeye hajui. Ataona kwenye tiketi neno Lamu na kudhani akitoka nje atapata teksi. Lazima aambiwe mapema kwamba kutoka uwanja wa ndege atatembea hadi gatini, apande boti, avuke mkono wa bahari. Maji yakitoka, ngazi za gati huwa na utelezi, basi aje na viatu vinavyoshika na mzigo anaoweza kuuinua.

Anayekuja kwa barabara kutoka Mombasa atapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, safari ya zaidi ya kilomita 300, kisha avuke kwa boti. Kuna vituo vya ukaguzi njiani, kwa hiyo kitambulisho au pasipoti iwe karibu, isiwe chini ya mizigo. Tutawashauri watenge siku nzima, wasije asubuhi ya siku ambayo wanatakiwa kuwasilisha makala.

Wanaotoka Ulaya na Marekani waombe idhini ya kusafiri ya kielektroniki kabla ya kuondoka kwao. Tangu Januari 2024 idhini hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya viza. Wenzetu wa Tanzania wasisahau pasipoti au hati ya kusafiria.

Kuna jambo dogo linaloweza kuleta zogo kubwa, nalo ni saa. Tiketi ya ndege inasema 10:00. Nahodha anasema saa nne. Sisi tunajua kwamba ni saa ile ile, lakini mgeni aliyejifunza Kiswahili ugenini anaweza kukungoja gatini hadi 4:00 alasiri huku ndege yake imeshaondoka. Kwenye karatasi tutaandika saa kwa njia zote mbili. Nanyi mkiahidiana na mgeni, taja saa, taja kama ni asubuhi au jioni, kisha mwonyeshe kwenye simu.

Manahodha, ninawaomba mambo matatu. Kaeni na chama chenu mkubaliane nauli ya Manda na ya Mokowe, ya mchana na ya usiku, mtuletee tuichapishe. Kila abiria avae jaketi la kuokoa maisha, hata kama safari ni fupi. Na kila anayelipa, kwa taslimu au kwa M-Pesa, apewe risiti. Mahamali nao watuambie ujira wao kwa mzigo mmoja, maana gari haliingii kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, na mgeni mwenye sanduku zito atawahitaji au atahitaji punda.

Sasa malazi. Nyumba zetu za mawe ni fahari yetu, na ni sehemu ya sababu UNESCO iliutambua Mji wa Kale kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001. Lakini ngazi zake ni nyembamba na zenye mwinuko mkali. Chumba cha darini kina upepo mzuri na mandhari ya bahari, ila si cha mtu mwenye goti bovu. Mwenye nyumba, tuambie una vyumba vingapi vya chini, vidato vingapi hadi choo, kama kuna feni, chandarua na jenereta. Tuambie pia kama msikiti uko ubavuni, maana mgeni akijua ataamka na adhana ya alfajiri halalamiki. Analalamika aliyeambiwa kwamba pako kimya.

Wenye nyumba za Shela, nanyi pia tunawahitaji. Ila tusiwaambie wageni kwamba ni hatua mbili. Ni kama kilomita tatu hadi ngomeni, na maji yakijaa njia ya ufukweni haipitiki vizuri. Atakayelala Shela ajue kwamba atahitaji boti asubuhi na jioni, na aijumlishe gharama hiyo.

Na wanafunzi tusiwasahau. Kama una chumba kinachoweza kuchukua vitanda vitatu kwa bei nafuu, tuletee jina lako kwanza. Hao ndio watakaokuwa walimu kesho, na watakaorudi na wanafunzi wao.

La mwisho, ukumbi. Ngome yetu ilikamilika mwaka 1821, ikawa gereza kwa miaka mingi hadi 1984, na leo iko chini ya Makavazi ya Kitaifa. Ni jengo la historia, halikujengwa kwa ajili ya mikutano. Ua wake uko wazi na jua la saa sita ni kali, kwa hiyo vikao vizito tutaviweka asubuhi. Ijumaa ratiba itapisha sala. Umeme ukikatika jenereta itawashwa, lakini kila mwasilishaji atashauriwa aje na makala yake yamechapishwa. Ghorofani kunapandwa kwa ngazi, kwa hiyo vikao vya yeyote asiyeweza kupanda vitafanyika chini. Ili tuvipange, lazima tumuulize mapema, siyo tumwone mlangoni ndipo tuanze kutafuta vijana wa kumbeba.

Wahenga wamesema, mgeni njoo mwenyeji apone. Ni kweli. Lakini mwenyeji haponi kwa mgeni aliyekamuliwa siku ya kwanza. Anapona kwa mgeni aliyeambiwa ukweli, akaukuta ulivyo, akaenda kuwaambia wenzake waje. Msiogope kusema ngazi ni kali, jua ni kali, boti inalipiwa. Anayeambiwa hayo hujiandaa, na aliyejiandaa hufurahia mji wetu.

Leteni bei zenu, vyumba vyenu na masharti yenu katika ofisi ya utalii kabla ya mwisho wa mwezi huu. Tutakachoandika ni kile mlichotuambia, na mtakachofanya kiwe kile tulichoandika.