Kukimbia si Kumwokoa Mtoto

Kampuni ya Ulaya ikishuku kwamba kakao yake ya Beni, mashariki mwa Congo, imevunwa na watoto, njia iliyo nyepesi kwake ni kuacha kununua na kutangaza kuwa haimo tena. Njia hiyo inaisafisha kampuni, haimwokoi mtoto. Huko Kivu tumekwisha kuyaona hayo kwa madini. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, yenye kifungu juu ya madini yanayofadhili vita. Septemba, Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011. Wanunuzi wengi wakajitoa, wenye silaha wakabaki, magendo yakaendelea, na mchimbaji akakosa pesa ya kusomesha watoto wake. Kakao nayo inajua njia za magendo: mnunuzi anayeuliza maswali akiondoka, magunia yatavuka kwenda Uganda kupitia kwa mchuuzi asiyeuliza lolote.

Wapo watakaosema kubaki ni kisingizio cha kuendelea kula faida. Hofu yao ina msingi. Mwaka 2001 kampuni kubwa za chokoleti zilitia sahihi itifaki ya Harkin-Engel, zikaahidi kukomesha kazi mbaya kabisa za watoto kufikia 2005. Tarehe ikasogezwa tena na tena, na mwaka 2020 watafiti wa taasisi ya NORC ya Chuo Kikuu cha Chicago wakakadiria kwamba watoto milioni 1.56 walikuwa bado kwenye kazi za kakao Côte d'Ivoire na Ghana. Kwa hiyo kubaki kuwe na masharti: mkaguzi afike shambani, asiishie depo; mtoto aliyekutwa arudishwe shule; mkulima alipwe bei ya kumwezesha kuajiri mtu mzima. Wengine watasema kazi ya shamba ni malezi. Mtoto akiokota kakao baada ya masomo, sawa. Kupiga dawa au kubeba gunia wenzake wakiwa darasani ni jambo jingine, na Congo iliridhia Mkataba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, unaokataza kazi mbaya kabisa za watoto, tangu 2001.

Basi kila kampuni inayonunua Beni na Butembo itangaze hadharani imekuta watoto wangapi, na wangapi wamerudi shule. Katika eneo ambalo mashambulizi ya waasi wa ADF yamefukuza familia nyingi mashambani na kuvuruga masomo, kampuni inayotangaza sifuri kila mwaka haijatafuta. Hiyo tusiiamini.