Asiyekujua Hakuthamini: Juu ya Haki ya Kutambuliwa kwa Mbali



Mada tuliyoombwa kuizungumzia leo yaweza kuonekana kuwa ni ya makarani na mihuri tu. Lakini wahenga walinena: asiyekujua hakuthamini. Kijijini mtu hahitaji karatasi ili ajulikane. Jirani anamjua, mjumbe wa nyumba kumi anamjua, na padre aliyembatiza anamjua. Taabu huanza pale ambapo anayetakiwa kumtambua yuko nchi nyingine, hajapata kumwona wala hatamwona. Hapo ndipo mjane ambaye mumewe alifia kazini Uarabuni, mstaafu anayedai pensheni ya nchi alikofanya kazi, na mkimbizi anayetaka kuungana na wanawe, wote huulizwa swali moja: utathibitishaje kwamba wewe ndiye?

Kwanza tukumbuke kwamba kutambuliwa ni haki, si fadhila. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 6, lasema kwamba kila mtu anayo haki ya kutambuliwa kila mahali kuwa mtu mbele ya sheria. Tuyaangalie vema maneno hayo, "kila mahali". Hayakuishia mpakani. Nao Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 7, unadai kwamba mtoto aandikishwe mara baada ya kuzaliwa. Na kifungu cha 8 kinazitaka serikali zimsaidie mtoto aliyenyang'anywa utambulisho wake ili aupate tena.

Pili, tuelewe jinsi uthibitisho unavyofanya kazi. Tukichunguza tutaona kwamba hakuna mtu anayejithibitisha mwenyewe. Daima tunathibitishwa na mwingine ambaye pande zote mbili zinamwamini. Cheti cha kuzaliwa ni ushahidi wa msajili. Msajili huyo hajulikani ng'ambo, kwa hiyo wizara ya mambo ya nje hushuhudia sahihi yake, kisha ubalozi hushuhudia sahihi ya wizara. Ndiyo sababu karatasi moja huzunguka ofisi tatu au nne. Ili kupunguza mzunguko huo, Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 uliweka hati moja iitwayo apostile, inayopokelewa na nchi wanachama bila kupitia ubalozi. Miongoni mwa majirani zetu, Burundi imo katika mkataba huo tangu 2015 na Rwanda tangu 2024. Lakini tusikosee: apostile huthibitisha sahihi, cheo cha aliyeitia na muhuri tu. Haithibitishi kwamba yaliyoandikwa ndani ni kweli.

Sasa tujiulize: mzunguko huo unamlemea nani? Mwenye gari hulalamika tu, kisha huenda. Mama wa kijijini huuza mbuzi apate nauli ya kwenda mjini, na akifika huambiwa kwamba jina lake katika cheti ni Mariamu na katika kitambulisho ni Maryam, basi arudi. Hakudanganya. Makarani wawili waliandika jina moja kwa namna mbili, na gharama ikamwangukia yeye.

Mkimbizi ana taabu iliyo kubwa zaidi, kwa sababu hawezi kubisha hodi katika ofisi za serikali aliyoikimbia. Kwa ajili hiyo Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 25, unaitaka nchi iliyompokea imsaidie kupata hati ambazo kwa kawaida angepewa na nchi yake. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2003 kuhusu kuunganisha familia linasema kwamba ombi la mkimbizi lisikataliwe kwa sababu tu ya kukosa karatasi. Ushahidi mwingine sharti utazamwe. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja huo ilikata shauri la mama Mweritrea aliyepewa hifadhi Uholanzi, aliyemwombea mtoto wa ndugu yake, yatima aliyekuwa chini ya malezi yake. Mahakama ilisema kwamba wakuu hawana budi kuangalia hali halisi ya mtoto na ya mlezi, na wasikatae kwa sababu tu hati za uhusiano wao hazipo. Shauri hilo latufundisha jambo. Kipimo cha damu chaweza kuonyesha nani alimzaa mtoto. Hakiwezi kuonyesha nani alimlea. Na kwetu sisi, mama mdogo aliyelea ni mama.

Pia upo ushahidi usio wa karatasi. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, watoto zaidi ya laki moja walikuwa wametengana na wazazi wao. Msalaba Mwekundu na mashirika mengine waliwaandikisha, wakabandika picha zao mahali pa watu wengi, wakapeleka ujumbe mfupi wa familia kuvuka mipaka. Mtoto asiye na cheti aliweza kutambuliwa kwa kovu, kwa jina la utani, au kwa jina la kilima cha kwao.

Hata hivyo haki hii ina maadui wake. Siku hizi matapeli huomba kwa simu picha ya kitambulisho na ya uso, kisha hukopa kwa jina la mwenyewe. Sauti ya mwana aliye ng'ambo yaweza kuigizwa na kompyuta. Basi anayeuliza naye aulizwe. Tumpigie kwa namba tuliyokuwa nayo tangu zamani, tumuulize jambo la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijua, na tusitume kitambulisho kabla hatujajua kinakwenda kwa nani na kwa kazi gani.

Yatupasa nini basi? Tuwaandikishe watoto wetu mapema. Tuhakikishe kwamba jina ni lile lile, kwa mpangilio ule ule, katika kila hati. Tuweke nakala mahali pawili. Parokia zitunze vitabu vya ubatizo na ndoa visiliwe na mchwa, kwa maana kwa wengi ndivyo ushahidi pekee wa umri na wazazi. Wala asiwepo kiongozi anayemwandikia mtu barua ya uongo kwa huruma. Barua moja ya uongo hufanya barua kumi za kweli zitiliwe shaka. Na kwa wenye mamlaka tunasema: mtu asihesabiwe kuwa mwongo kwa sababu ni maskini wa karatasi. Msikilizeni kwanza, ndipo mwamue.