Ufundi na Gharama Yake



Tumeombwa kunena juu ya wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza kazi za mikono. Neno letu ni moja: Serikali ikiweka kikomo cha fedha za mafunzo, gharama haipungui, bali yahamia kwa mtu mwingine.

Katika nchi yetu ya Tanzania, sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, na waajiri hutozwa kodi kwa ajili ya ufundi stadi. Kodi hiyo ilikuwa asilimia 6 ya mishahara; ikashushwa kuwa 5 mwaka 2013, na 3.5 mwaka 2023. Tena kwa miaka mingi theluthi moja tu ndiyo iliyofika VETA. Sehemu kubwa ya zile mbili ilielekezwa kwenye mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Hata hivyo ada iliwekwa chini, shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, ili mtoto wa maskini asifungiwe mlango. Jambo hilo ni jema, nasi twalishukuru.

Lakini mwenye kujifunza kuchomelea hana budi kuharibu vyuma vingi kabla mkono wake haujatulia, na seremala mgeni hukata mbao nyingi za kutupwa. Vyote hivyo hununuliwa. Fedha zisipotosha, njia ni tatu. Ama mzazi ataambiwa alete vifaa juu ya ada. Ama chuo kisicho na fungu la Serikali kitatoza ada kubwa. Ama vijana wataizunguka mashine moja, mmoja akitenda na wengine wakitazama. Njia hii ya tatu yaonekana rahisi, kumbe ndiyo ghali kupita zote. Maana hulipwa na mwenye nyumba ambaye paa lake lavuja, na kijana mwenye cheti asiyeitwa kazini mara ya pili.

Basi, waalimu, mnapompeleka kijana chuoni msiulize ada peke yake. Ulizeni: mashine moja yatumiwa na wangapi? Vifaa vya kujifunzia hununuliwa na nani? Mwanagenzi hushika chombo saa ngapi kwa juma? Nasi wa parokia, tunapochangia karakana, tusimalize fedha zote katika kuta na bati. Tutenge fungu la mbao na vyuma kila mwaka, hata likiwa dogo, ili mikono ya watoto wetu ipate kufanya kazi.