Herufi Moja Iliyokosewa

Mwaka 2009 madaktari wa Milwaukee, Marekani, waliishiwa mbinu. Mtoto wa miaka minne alitoboka utumbo karibu kila alipokula. Alishaingia chumba cha upasuaji zaidi ya mara 100, na ugonjwa haukuwa na jina. Wakaamua kusoma vinasaba vyake, ile asilimia 1 hivi tu yenye maelekezo ya kutengeneza protini. Wakakuta herufi moja imekosewa kwenye jeni iitwayo XIAP. Mwaka 2010 akapandikizwa seli za damu ya kitovu, akaanza kula. Kula, jambo dogo hilo!

Lakini kusoma ni kazi ya mashine. Kazi ngumu ni kujua herufi ipi ni ugonjwa na ipi ni tofauti tu ya kawaida, na hilo hujulikana kwa kulinganisha. Hazina za data za kulinganishia zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2020 watafiti waliosoma jenomu, yaani vinasaba vyote, za Waafrika 426 walikuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimewahi kuelezwa. Ndiyo maana mgonjwa wa Mwanza au Mombasa aweza kulipia kipimo cha vinasaba, akarudishiwa jibu kwamba maana haijulikani. Bei ya kipimo imeshuka sana; pengo hili la kulinganishia ndilo linalonitia wasiwasi.