Chagua Kozi Ukiikumbuka Ardhi ya Kwenu

Maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wanafunzi wa Nakuru wanaojiunga na vyuo vikuu, pamoja na wazazi wao



Nianze kwa kukiri jambo moja. Mimi si mhandisi, nilisomea uanahabari. Nikiwa mwaka wa pili niliachiwa nichague kati ya takwimu na kozi nyingine iliyosifika kwa alama za bure. Nikafuata alama za bure. Leo kazi yangu ni kuwaeleza wakazi ripoti za kaunti. Ripoti ya kisima ikifika mezani imejaa vipimo, inabidi nimwite mwenzangu wa idara ya maji anisomee. Zile alama za bure hata sikumbuki zilikuwa ngapi.

Kati yenu wapo walioitwa kusomea jiolojia, uhandisi wa madini au uhandisi wa jiolojia. Wazazi wao wameniuliza: masomo haya yana kazi gani? Kwa ufupi, mwanajiolojia hueleza mwamba umetokana na nini na umelalaje. Mhandisi wa jiolojia huendelea kuuliza: je, mwamba huo utabeba barabara? Utashika maji ya bwawa? Tukichimba hapa, tutapata nini na kwa hatari gani?

Hapa Nakuru maswali hayo si ya darasani tu. Olkaria imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke tangu mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulipoanza kazi mwaka wa 1981. Visima vyetu vingi vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto wetu yanashuhudia. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa lilipasuka Solai na zaidi ya watu 40 wakafariki. Miezi miwili kabla ya hapo, mvua kubwa ilipokuwa ikinyesha, ardhi ilikatika karibu na Mai Mahiu, barabara ya kwenda Narok nayo ikakatika.

Hebu tusimame kwenye ufa huo wa Mai Mahiu. Wapo waliosema ni Bonde la Ufa linatanuka. Wengine wakasema ni maji ya mvua yaliyosomba jivu laini la volkeno lililokuwa limejaza nyufa za zamani. Kwa anayepita, huo ni ubishi wa wasomi. Kwa anayetakiwa kuirudisha barabara, tofauti ni kubwa. Kama ni maji, kazi ya kwanza ni kuyaelekeza kwingine. Kama ni ardhi inayosogea, kifusi peke yake hakitatosha. Ili utoe jibu unahitaji jiolojia ya miundo, mekanika ya udongo na elimu ya maji ya ardhini. Aliyeikwepa mojawapo chuoni atakuwa anakisia, na wananchi watasafiri juu ya makisio yake.

Ndiyo maana leo nina mambo manne ya kuwaomba.

Kwanza, kabla ya kuchagua kozi yoyote, jua ni bodi gani itakayokusajili. Wahandisi husajiliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka wa 2011, nao wanajiolojia wana bodi yao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1993. Ni milango miwili tofauti. Shahada ya jiolojia ni nzuri na ina kazi zake, lakini usiisome ukidhani utaitwa mhandisi. Uliza kama shahada yako inatambuliwa na bodi ya wahandisi, na uliza sasa, usingoje siku ya mahafali.

Pili, panga kozi kuanzia mwisho ukirudi mwanzo. Chukua orodha ya kozi za miaka yote. Tia alama kozi za hiari unazozitaka katika miaka ya mwisho, kisha angalia kila moja inadai uwe umesoma nini kabla yake. Usanifu wa misingi ya majengo hudai mekanika ya udongo. Mekanika ya udongo nayo hudai umesoma nguvu za vifaa, na hiyo haisomeki bila hisabati ya mwaka wa kwanza. Kozi nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukianguka moja ya mwaka wa pili, unaweza kukuta mlango wa mwaka wa nne umefungwa, na mwaka mmoja wa ziada ni karo, kodi ya chumba na chakula ambavyo mzazi hakuwa amevipangia.

Tatu, kozi za hiari zishikane. Nimewaona vijana wakiokota moja hapa na moja pale, kama anayenunua mboga bila kujua atapika nini. Chagua tatizo moja unalotaka kulielewa. Ukitaka mvuke, tafuta uhamishaji wa joto, jiofizikia na uchimbaji wa visima virefu. Ukitaka maji safi, tafuta elimu ya maji ya ardhini, kemia ya miamba na takwimu, ndiyo, takwimu. Ukitaka mabwawa na miteremko isiyoporomoka, tafuta mekanika ya udongo na ya miamba, pamoja na haidrolojia. Kisha ubakishe nafasi moja ya kozi iliyo nje ya uhandisi, kama vile sheria au uandishi wa ripoti. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Mhandisi anayepima tani zinazotoka machimboni anafaa ajue hesabu yake inaishia mfukoni mwa nani.

Nne, mafunzo ya nyanjani na mradi wa mwaka wa mwisho usivifanye kwa kutimiza wajibu tu. Vifuate kwenye tatizo lile lile ulilolichagua. Anayekuja kuomba kazi akiwa amepima maji ya visima vya kijiji kimoja, akachora ramani yake na kueleza kwa nini kisima hiki kina floraidi na kile hakina, ana cha kuonyesha. Na hilo linaweza kufanyika hapa nyumbani.

Wazazi wetu, nanyi nina ombi. Mtoto akipiga simu kwamba ameacha kozi rahisi akachukua ngumu, msimkaripie alama zikishuka kidogo. Muulizeni: kozi hiyo inakufungulia nini? Akiwa na jibu, mwacheni aendelee. Akikosa jibu, mwambieni aende kwa mshauri wake wa masomo wiki hiyo hiyo, kabla siku za kubadilisha kozi hazijapita.

Nanyi vijana, kumbukeni: miaka michache ijayo mmoja wenu ataletewa karatasi atie sahihi kwamba tuta la bwawa ni imara, na chini ya bwawa hilo kuna nyumba za watu waliolala. Siku hiyo hakuna atakayeuliza ulipata alama ngapi. Watakaolala watakuwa wanategemea kwamba kozi iliyohitajika uliisoma.

Nendeni salama, na mrudi.