Hotuba Juu ya Vumbi la Mawe



Leo twataka kusema habari ya vumbi. Mawe yatengenezwayo kiwandani, yale ya meza za jikoni, yaweza kuwa na silika zaidi ya 90 kwa mia. Marumaru kwa kawaida haifiki 5. Fundi akiyakata kwa mashine, vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho huingia mapafuni na kuacha makovu. Ugonjwa huu, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na mwenye nao hushikwa upesi na kifua kikuu.

Huko Australia uliwashika hata vijana. Watengenezaji walisema kosa si la jiwe, ni la namna ya kulikata. (Maneno hayo twayajua!) Vyama vya wafanya kazi havikunyamaza, na tangu 1 Julai 2024 mawe hayo yamepigwa marufuku huko, nchi ya kwanza duniani.

Sisi hatungoji sheria. Twadai maji kwenye msumeno, mashine ya kuvuta vumbi, barakoa zifaazo, na picha ya kifua kwa gharama ya mwajiri. Kukata pakavu tukatae. Mwenye kukohoa au kukosa pumzi aje kwa katibu aandikwe jina.